SOMO: MBEGU BORA YA MAHARAGE NA NJIA ZA KUITAFUTA

Madhumuni ya somo

Fedha ya mbegu ni fedha ya wanachama. Chama kinaponunua mbegu mpya ya maharage, kamati inapaswa kuelewa mbegu hiyo ilipatikanaje na ina sifa gani, ili isije ikanunua jina tupu. Somo hili linaeleza njia mbili za kutafuta mbegu bora, yaani njia ya kawaida na njia ya vinasaba, na linaonyesha kwa nini hakuna hata moja inayotosha peke yake.

1. Ua linalojichavusha

Ua la maharage hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka. Ndiyo sababu maharage huzaa mfano wa mzazi wake, na mkulima huweza kutunza mbegu yake kwa misimu kadhaa, jambo ambalo haliwezekani kwa mahindi chotara. Kwa hiyo mtaalamu anayetaka kuunganisha sifa za aina mbili hana budi kuingilia kati kwa mkono. Hulifungua tumba la ua taratibu, huondoa vifuko vya chavua, kisha hutia chavua ya aina nyingine. Kazi hiyo yote humpatia punje chache tu.

2. Kuchagua kwa jicho

Ikiwa wazazi ni aina zilizokwisha kutulia, mimea ya kizazi cha kwanza hufanana. Katika kizazi cha pili sifa hutawanyika: mmoja huwa na punje kubwa, mwingine hustahimili kutu, mwingine hukomaa mapema. Katika sifa ambazo wazazi walitofautiana, mchanganyiko wa urithi ndani ya mmea hupungua kwa nusu kila kizazi. Katika kizazi cha pili huwa asilimia 50, cha tatu 25, cha nne 12.5, na cha sita karibu 3 tu. Hapo ndipo aina hutulia. Baada ya hapo hufuata majaribio ya misimu mingi katika vituo na mashamba ya wakulima.

Kwa uvumilivu wa namna hiyo nchi ya Tanzania ilipata aina kama Lyamungu 85, iliyotolewa mwaka 1985, Lyamungu 90 ya mwaka 1990 na Selian 97 ya mwaka 1997. Wakulima wengi wanazifahamu.

3. Mahali jicho linaposhindwa

Ugonjwa wa batobato ya maharage huletwa na virusi ambavyo husafiri ndani ya mbegu na pia husambazwa na vidukari. Wataalamu walipata jeni iitwayo I, ambayo huukinga mmea dhidi ya virusi hivyo. Lakini Afrika Mashariki ina virusi vya jamii ya karibu ambavyo, vikiingia katika mmea wenye jeni I pekee, huweza kuuozesha mishipa na mizizi ikawa myeusi, na mmea ukafa. Kinga ya ugonjwa mmoja huwa mlango wa mwingine.

Dawa yake ni kuiunganisha jeni I na jeni nyingine, bc-3. Hapa ndipo penye ugumu. Jeni bc-3 haifanyi kazi mpaka mmea uirithi kutoka kwa wazazi wote wawili; mmea wenye nakala moja hauonyeshi dalili yoyote ya kuwa nayo. Tena mmea wenye jeni zote mbili na ule wenye bc-3 pekee, vikitiwa virusi hivyo, yote hubaki salama. Jicho haliwezi kuitofautisha.

4. Kutazama vinasaba

Mtaalamu hukata kipande kidogo cha jani changa, akatoa vinasaba, na kutafuta alama iliyo jirani na jeni anayoitaka. Alama na jeni vikiwa karibu sana, kwa kawaida hurithiwa pamoja. Hivyo mche huchaguliwa ungali mdogo, bila kusubiri ugonjwa wala msimu mwingine.

Njia hii husaidia sana pale aina inayopendwa inapohitaji sifa moja tu. Kila kizazi chotara hupandishwa tena na aina hiyo inayopendwa, na kwa wastani urithi wake hurudi kutoka nusu hadi robo tatu, kisha 7/8, kisha 15/16, huku alama ikithibitisha kwamba jeni inayotakiwa haijapotea njiani.

Wanachama waelewe kwamba kusoma alama si kupandikiza jeni ya kiumbe kingine. Upandishaji ni uleule wa chavua kwa ua. Aidha, alama huweza kuachana na jeni mara chache, na haisemi lolote kuhusu mavuno katika udongo wa kijiji fulani. Kwa hiyo shamba ndilo linalotoa hukumu ya mwisho.

5. Wajibu wa chama

(a) Kabla ya kuagiza mbegu nyingi, kamati ipande kiasi kidogo katika mashamba ya wanachama kadhaa, ubavuni mwa aina iliyozoeleka, kwa mbolea na palizi sawa.

(b) Mavuno yapimwe kwa mizani na kuandikwa. Maharage yapikwe, na akina mama na wapishi wengine waseme yanaiva kwa muda gani na ladha yake ikoje. Wanunuzi waulizwe kuhusu rangi na ukubwa wa punje.

(c) Katika shamba la mbegu, mimea yenye batobato ing'olewe mapema, na aina zisichanganywe ghalani.

(d) Chama kinachotaka kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa kionane na bwana shamba na TOSCI, ili shamba likaguliwe ipasavyo.

Maswali ya kujadiliwa vikundini

1. Kwa nini jeni I pekee haitoshi katika Afrika Mashariki?
2. Ni mambo gani ambayo alama ya vinasaba haiwezi kuiambia kamati?
3. Katika chama chenu, ni wanachama gani watakaopanda shamba la majaribio, na nani atatunza kumbukumbu?