Jipu Lisilosikia Dawa

Somo la leo ni juu ya jipu. Msicheke. Kila mmoja wetu amewahi kuota jipu, lakini siku hizi yako majipu ambayo dawa tulizozizoea haziyawezi, na usaha ukiingia kwenye mfupa au kwenye damu mtu aweza kufa.

Tuanze na mfano. Tuseme kijana anakata mkonge huko Mwatate. Mwiba umemchoma paja. Siku ya tatu pamevimba, pana moto, panauma. Zahanati hawezi kwenda, kwa maana siku asiyokata halipwi. Jioni anapitia dukani, ananunua zile kapsuli za rangi mbili, nne tu. Mbili anameza. Moja anaifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Ya nne anamwekea mtoto anayekohoa. Jipu linatulia kidogo. Baada ya wiki mbili limerudi, na sasa mama watoto ana lingine kwapani, na mtoto ana mawili kichwani. Watu wanaanza kuuliza ni nani amewaroga.

Hakuna aliyeroga. Kijidudu kinacholeta majipu mengi huitwa stafilokoka, sisi tutakiita staf. Karibu watu 3 katika kila 10 wanacho puani bila kuugua. Kikipata mlango, yaani mkwaruzo, mwiba au wembe, kinaingia. Hutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwa kugusana ngozi, kwa taulo moja, shuka moja, wembe mmoja. Ndiyo maana majipu hupenda nyumba yenye watu wengi, mabweni ya shule na kambi za wafanyakazi.

Sasa, kwa nini dawa inashindwa? Wafugaji wanajua jambo hili kuliko sisi. Ukizimua dawa ya kupe kwa maji mengi mno, kupe dhaifu wanakufa, na wale sugu wanabaki na kuzaana. Mwaka unaofuata unaosha ng'ombe na kupe wanakutazama tu. Staf ni hivyo hivyo. Penisilini yenyewe iligunduliwa mwaka 1928 huko London na Alexander Fleming, katika sahani aliyokuwa akioteshea staf. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu akimeza kiasi kisichotosha atawazoesha vijidudu kuishinda dawa. Hakusikilizwa sana. Mwaka 1959 ikatolewa dawa nyingine, methisilini, kwa ajili ya staf walioshinda penisilini. Kufika 1961 Uingereza walikuwa wameshakuta staf walioishinda hiyo nayo. Hao ndio madaktari huwaita MRSA. Mwanzoni walikaa hospitalini, baadaye wakaonekana hata kwa watu wasiowahi kulazwa.

Hapa kwetu Kenya, penisilini ya kawaida haiwaui tena staf walio wengi. Na amoksilini, ambayo watu huikimbilia, ni ya ukoo huo huo! Kwa jipu, mara nyingi ni pesa zilizotupwa. Kuhusu MRSA, tafiti mbili za Nairobi, zilizochapishwa 2013 na 2014, zilipishana vibaya: moja iliwakuta katika zaidi ya 8 kwa kila 10, nyingine chini ya 4 kwa kila 100. Kama wenye maabara wanapishana hivyo, mwenye duka atajuaje kwa kukutazama paja?

Kumbe dawa kubwa ya jipu si kidonge. Ni kutoa usaha. Jipu likiwa dogo, chovya kitambaa kisafi katika maji ya moto ya kuvumilika, kikandamize juu yake dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usilikamue, wala usilichanje kwa wembe. Likiiva na kukataa kupasuka, muuguzi au daktari alifungue kwa chombo kisafi. Funika kidonda mpaka kikauke, na ufue kitambaa kwa maji ya moto. Dawa akikupa daktari, meza kama alivyoandika, usimgawie jirani. Zikipita siku mbili tatu bila nafuu, rudi, na uulize kama usaha waweza kupelekwa maabara ya hospitali kubwa.

Lakini usingoje hata siku moja ukiona homa, wekundu unaotambaa, jipu karibu na pua au mdomo, au uvimbe wa ndani sana wa paja au tako. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga, mwenye kisukari na mwenye virusi vya ukimwi.

Tunajua mtakavyosema: kunawa kwa maji gani? Bomba la Mzima linapita kwetu kwenda Mombasa, na wengi wetu bado tunanunua maji kwa mtungi. Ni kweli, na inauma. Kwa hiyo tumieni kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Maji kidogo yanayotiririka yanasafisha kuliko beseni moja la watu kumi.

Tena, dawa ya kuku isitumike kwa mtu. Na kuku wasipewe kila wiki eti wasiugue.

Kabla ya mkutano ujao jadilianeni haya. Katika boma zenu, ni dawa gani zimebaki nusu kwenye kopo, na zilikuwa za nani? Kwa sheria dawa hizi hutolewa kwa karatasi ya daktari. Je, mwenye duka wenu anaweza kualikwa aje mzungumze bila kugombana? Na yule mkata mkonge, mfuko wa kikundi ungeweza kumkopesha nauli na posho ya siku moja, jioni ile ile, bila kungoja mwisho wa mwezi?