Kuendesha Mazoezi ya Utambuzi kwa Kompyuta: Mwongozo kwa Wasaidizi wa Utafiti Kanyakine

Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa utafiti, wauguzi, maafisa wa kliniki na walimu wanaoendesha mazoezi ya utambuzi kwa kompyuta Kanyakine na vituo jirani vya Imenti Kusini. Mazoezi hayo hupima umakini, kumbukumbu, kasi ya kuitikia na uwezo wa mtu kujizuia. Mshiriki huona alama kwenye skrini, hubonyeza kitufe, na kompyuta huandika alichobonyeza na muda aliotumia. Jukumu lako ni kuhakikisha kwamba tofauti inayoonekana kwenye faili imetoka kwa mtu aliyeketi mbele yako, wala haikutoka kwa mashine, chumba, lugha au kwako wewe. Maagizo yote yanayofuata yanatokana na jukumu hilo.

Kuchagua programu

Kwa kazi nyingi za hapa, programu za bure zinatosha. PsychoPy, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, humwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kupanga zoezi kwa kuburuta vipande kwenye skrini, na anayejua lugha ya Python huweza kwenda mbali zaidi. OpenSesame ya Sebastiaan Mathôt hufanya kazi kwa namna inayokaribiana nayo. PEBL ya Shane Mueller huja na mazoezi mengi yaliyokwisha kutengenezwa, na kwa kikundi kidogo kisicho na mtaalamu wa kompyuta ningependekeza kuanzia hapo. E-Prime hulipiwa na huendeshwa kwenye Windows pekee. Usiinunue kwa sababu tu ndiyo iliyotajwa katika makala uliyosoma.

Programu zinazoendeshwa kwenye kivinjari, kama jsPsych na PsyToolkit, zina manufaa pale washiriki wanapotumia vifaa vyao wenyewe nyumbani. Kwa kazi ya kituoni, endesha zoezi likiwa limehifadhiwa ndani ya kompyuta. Mtandao ukikatika raundi zikiwa katikati, mshiriki huyo umempoteza.

Mashine moja, hali moja

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na ndipo yasipoonekana. Skrini za kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani takriban kila baada ya milisekunde 16.7. Picha haiwezi kukaa kwenye skrini kwa milisekunde 40 hata ukiiandikia programu hivyo. Itakaa kwa 33 au 50. Kwa hiyo panga muda kwa kuhesabu michoro ya skrini: michoro 3 ni milisekunde 50. Kibodi nayo huongeza ucheleweshaji wake, na skrini za kugusa aghalabu huchelewa zaidi ya kibodi.

Mwaka 2020 David Bridges, Alain Pitiot, Michael MacAskill na Jonathan Peirce walichapisha ulinganisho wa programu hizi. Zile bora za maabara, PsychoPy na E-Prime zikiwemo, zilishika muda kwa tofauti isiyofikia milisekunde moja. Ni habari njema, lakini vipimo vyao vilifanywa kwenye kompyuta zilizoandaliwa vizuri. Programu ileile kwenye kipakatalishi kinachosasisha Windows huku betri ikikaribia kuisha haiwezi kukupa uhakika huo.

Chukua mfano wa wauguzi. Tuseme mnataka kujua kama zamu ya usiku hupunguza umakini. Zoezi linalofaa ni lile la kukesha macho kwenye skrini, lililoanzishwa na David Dinges na John Powell mwaka 1985: kwa dakika 10 mshiriki husubiri alama itokee baada ya sekunde 2 hadi 10, kisha hubonyeza haraka awezavyo. Mwitikio unaozidi milisekunde 500 huhesabiwa kuwa umakini umepotea. Sasa, kama wauguzi wa mchana wamepimwa kwa kipakatalishi kimoja na wa usiku kwa kingine kinachochelewa milisekunde 40 zaidi, mtapata tofauti safi kabisa kati ya makundi mawili, na haitakuwa na uhusiano wowote na usingizi. Hakuna hesabu ya baadaye itakayoiondoa, kwa sababu kundi na mashine vimefungamana. Dawa ni kutumia kompyuta ileile kwa kila mtu. Kama ni lazima mtumie mbili, wagawanye washiriki wa kila kundi kwa nasibu kati ya mashine zote mbili, na namba ya mashine iandikwe kwenye kila faili.

Kabla ya mshiriki wa kwanza wa siku, zima Wi-Fi, Bluetooth, arifa na masasisho ya kujiendesha. Funga programu nyingine zote. Mwanga wa skrini uwe kiwango kilekile kila siku. Amueni tangu mwanzo kama mtatumia stima au betri, kwa kuwa vipakatalishi vingi hupunguza kasi vikiwa kwenye betri. Kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, wengi watapata uthabiti zaidi kwa kutumia kifaa cha kuhifadhi umeme kati ya ukuta na kompyuta. Chagueni pia toleo moja la programu na msilibadilishe hadi mshiriki wa mwisho apimwe. PsychoPy ina sehemu ya kuchagua toleo katika mipangilio ya zoezi lenyewe.

Jaribio moja la lazima: anzisha zoezi, fika katikati, kisha zima kompyuta ghafla kana kwamba stima imepotea. Angalia kilichobaki kwenye faili. Kama hakuna kitu, gawanya zoezi katika sehemu fupi zinazohifadhiwa kila moja inapokwisha.

Kwa mazoezi yenye sauti, kumbuka mabati. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikipiga juu ya paa, mshiriki hasikii kitu. Tumia vipokea sauti vya kichwani, na mvua ikizidi, simamisha kazi uandike saa uliyosimama.

Lugha na mazoea

Zoezi la Stroop, ambalo J. Ridley Stroop alilichapisha mwaka 1935, humtaka mshiriki ataje rangi ya wino na kulipuuza neno lililoandikwa. Ugumu wake unatokana na kwamba msomaji mzoefu hawezi kujizuia kusoma. Mtu anayesoma Kiingereza kwa kusitasita hapati ugumu huo, na ukimpima kwa maneno ya Kiingereza ataonekana ana uwezo mkubwa wa kujizuia kuliko mwalimu wa shule ya upili. Hilo ni kosa la mpimaji. Katika kikundi chenye viwango tofauti vya kusoma, acha Stroop utumie zoezi la mishale, ambapo mshiriki hutazama mshale wa katikati na kupuuza ile ya pembeni. Wazo hilo lilitoka kwa Barbara na Charles Eriksen mwaka 1974, wao wakitumia herufi. Mishale haihitaji kusoma.

Maelekezo yasiachwe kwenye skrini pekee. Yarekodi kwa Kimeru cha Imenti na kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu wa hapa, na kila mshiriki achague lugha kisha asikie rekodi ileile. Tafsiri ikaguliwe na mtu wa pili ambaye hajaona maandishi ya asili. Ukieleza kwa maneno yako, utaeleza vizuri zaidi asubuhi kuliko alasiri, na tofauti hiyo itaingia kwenye matokeo.

Kuna mzee atakayekuja ambaye hajawahi kugusa kibodi. Mpe muda. Weka vibandiko viwili vya rangi kwenye vitufe viwili na ufunike vingine. Mwanzoni weka raundi za kujifunzia zisizohesabiwa, ziendelee hadi afikie kiwango kilichopangwa, isiwe wewe unayekisia kwamba ameelewa. Kisha weka zoezi jepesi la kubonyeza tu alama inapotokea. Ukitoa muda huo kutoka kwa muda wa zoezi gumu, unabaki na makadirio ya muda wa kufikiri. Mholanzi Franciscus Donders alitumia njia hiyo mwaka 1868. Ina udhaifu wake, lakini humkinga mkulima wa majani chai asihukumiwe kwa ugeni wake mbele ya kompyuta.

Sema naye kwa heshima: "Mama, huu si mtihani wa shule na hakuna anayefeli. Ukikosea, endelea tu. Ukitaka kuacha, niambie, na hutapoteza chochote."

Kumbukumbu za kazi

Thamani ya kupima kwa njia isiyobadilika ilionekana Embu. Mwaka 1984, mwaka wa ukame, watafiti wa mradi wa lishe waliwapima watoto wa huko kwa michoro ya Raven, ambapo mtoto huchagua kipande kinachokosekana kwenye picha. Watoto wengine wa umri ule walipimwa mwaka 1998. Tamara Daley na wenzake walipochapisha ulinganisho mwaka 2003, alama za Raven zilikuwa zimepanda wazi katika miaka hiyo 14. Walihusisha ongezeko hilo na wazazi waliojua kusoma, mabadiliko katika familia, na lishe na afya bora ya watoto. Katika utafiti mwingine wa Embu ulioongozwa na Charlotte Neumann, shule 12 ziligawanywa: nyingine zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na nyingine hazikupewa chakula. Watoto waliopewa nyama ndio walioongeza zaidi alama za Raven. Karatasi na penseli vilitosha, kwa sababu mpangilio ulitunzwa.

Nawe tunza vivyo hivyo. Pamoja na matokeo, hifadhi faili ya zoezi lenyewe, picha zake, rekodi za sauti, toleo la programu, aina ya kompyuta na daftari la kila siku: saa, hali ya chumba, saa za usingizi alizolala mshiriki, na lolote lililokatiza kazi.

Ruhusa na siri

Usianze bila kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, na kabla ya kuingia uwanjani wajulishe viongozi wa kaunti kama masharti ya leseni yanavyotaka. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie sahihi, na mtoto mwenyewe akubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu: tumia namba badala ya jina kwenye kila faili, na orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe mahali pengine.

Kuhusu matokeo ya mtu mmoja mmoja, kuwa mwangalifu mno. Viwango vingi vya kulinganishia vya mazoezi haya vilipatikana kwa watu wa Ulaya na Marekani. Havikupi haki ya kumwambia mzazi wa Kanyakine kwamba mwanawe ana akili nzito, wala mzee kwamba anaanza kusahau. Zoezi moja la kompyuta si utambuzi wa ugonjwa. Ukiwa na wasiwasi wa kweli juu ya mshiriki, mweleze kiongozi wa utafiti ili apange rufaa kwa daktari.

Matokeo ya kundi zima, hata hivyo, ni haki ya watu waliotoa muda wao. Kazi ikikamilika, omba nafasi kwenye baraza la chifu na kwenye mkutano wa wafanyakazi wa hospitali, uwaeleze kwa Kimeru au Kiswahili mlichokipata na msichokipata. Tengeni siku na nauli ya kazi hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.