Iyafoni Nzuri Husikika Vyema kwa Sauti Ndogo

Anayenunua kicheza muziki cha mfukoni huuliza mengi: kadi inabeba nyimbo ngapi, chaji inakaa kwa muda gani, kioo kina ukubwa gani. Iyafoni huja mwisho, na mara nyingi ni zozote zile ambazo muuzaji anazo karibu. Hapo mambo yamepangwa kinyume. Vicheza muziki vingi vya siku hizi, hata vya bei ya chini, hutoa sauti safi kuliko iyafoni zilizomo kwenye boksi lao zinavyoweza kuifikisha sikioni. Ukiwa na fedha kidogo na unataka muziki wako usikike vizuri zaidi, badilisha iyafoni kwanza.

Kipimo cha kuchagulia ni kimoja: iyafoni nzuri ni ile inayokufikishia kila chombo na kila neno la mwimbaji huku sauti ikiwa chini. Masikio hayana spea. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo, na seli hizo zikifa hazioti nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu, hivyo ukifika desibeli 90 unabakiwa na takribani saa 4 tu kwa wiki nzima. Iyafoni inayokulazimisha kuongeza sauti ili usikie ni mbaya, hata kama boksi lake linavutia.

Anza na mahali utakaposikilizia

Kama muda wako mwingi wa kusikiliza ni ndani ya daladala au matatu, chukua iyafoni zenye vipira vinavyoingia sikioni na kuziba. Zikikaa sawasawa hupunguza ngurumo ya injini na makelele ya abiria, nawe huna haja ya kushindana nayo kwa kupandisha sauti. Zile za plastiki ngumu zinazotulia mlangoni mwa sikio bila kipira haziwezi kazi hiyo.

Ziko pia zinazofuta kelele kwa umeme. Hizo hufanya kazi nzuri dhidi ya mngurumo usiokatika, kama wa basi la safari ndefu au ndege, lakini mazungumzo ya jirani hupenya kiasi. Zinahitaji chaji na bei yake ni ya juu. Kipira kinachoziba vizuri hukupa sehemu kubwa ya faida hiyo kwa gharama ndogo.

Nyumbani kwenye utulivu, hedifoni za kufunika masikio zenye migongo iliyo wazi huupa muziki nafasi na hazichoshi haraka. Kumbuka tu kwamba sauti yake hutoka nje, na aliyelala kando yako atausikiliza wimbo pamoja nawe. Barabarani ni kinyume kabisa: ukitembea pembeni mwa magari na bodaboda usizibe masikio. Tumia zisizoziba, au vua kabla ya kuvuka.

Zikae sawasawa sikioni

Wengi hulalamika kwamba iyafoni zao hazina besi, kumbe tatizo ni upenyo mdogo kati ya kipira na sikio. Besi hupotelea hapo. Weka iyafoni, cheza wimbo wenye gitaa zito la besi, kisha zibonyeze taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka ghafla, vipira havijaziba. Jaribu saizi nyingine. Maboksi mengi huja na saizi tatu, na si ajabu sikio la kulia likataka saizi tofauti na la kushoto. Vipira vya sponji huziba vizuri kuliko vya silikoni kwa watu wengi, ila huchakaa mapema.

Waya ukigusana na shati na kukuletea mikwaruzo masikioni unapotembea, uzungushe juu ya sikio ushuke kwa nyuma. Kelele hiyo hupungua mara moja.

Soma namba mbili, nyingine ziache

Kwenye boksi tafuta kwanza ukinzani, unaoandikwa kwa ohm au alama ya Ω. Kicheza muziki kidogo kina nguvu ndogo, na iyafoni za ohm 16 hadi 32 humfaa mnunuzi wa kawaida. Sennheiser HD 600, hedifoni inayosifiwa na wapenzi wa muziki kwa miaka mingi, ina ohm 300. Ukiichomeka kwenye kichezeshi cha mfukoni, huenda ukafika mwisho wa sauti na bado muziki ukawa mnyonge, kwani hedifoni ya namna hiyo hutaka amplifaya yake.

Namba ya pili ni wepesi wa kutoa sauti, unaoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati. Zaidi ya 100 ni nzuri kwa kifaa cha mfukoni. Namba hizi mbili zisome pamoja: Koss Porta Pro, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 na inauzwa mpaka leo, ina ohm 60, lakini ni nyepesi kuendeshwa na hupiga vizuri hata kwenye kifaa kidogo.

Yale maandishi ya 20 Hz hadi 20,000 Hz yapite. Karibu kila boksi linayo, na hayakuambii kama sauti za kati, alipo mwimbaji, zimetulia au zimezama.

Tundu, pini na Bluetooth

Angalia kifaa chako kina tundu gani. La kawaida ni la 3.5 mm. Pini yenye pete mbili ni ya muziki pekee. Yenye pete tatu imeongezewa maikrofoni. Mara nyingi ya pete tatu hufanya kazi kwenye kichezeshi cha muziki, lakini baadhi ya vifaa vya zamani haviipokei vizuri. Dalili yake ni ya pekee: vyombo vinasikika, lakini mwimbaji amepotea au anaimba kama yuko mbali sana. Vuta pini kidogo. Akirudi, tatizo ni mguso wa pini, na iyafoni yenye pete mbili italimaliza.

Kama kifaa chako kina Bluetooth, uhuru wa kutokuwa na waya unapendeza, hasa kwa anayekimbia. Pima na gharama yake: betri za ndani ni ndogo, huchoka kadiri miaka inavyopita, na nyingi hazibadilishwi. Iyafoni ya waya haidai chaji, na kwa bei ileile mara nyingi hukupa sauti bora.

Jaribu kabla ya kulipa

Uwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, omba kujaribu. Nenda na kifaa chako mwenyewe, chenye nyimbo unazozijua vizuri, na vipira vyako safi. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa kwa sababu unapiga besi.

Anza na sauti ya mtu akiimba, kwa kiwango cha chini. Je, maneno yanakufikia bila kukaza sikio? Kisha cheza rumba ya Kongo inapofika kwenye sebene: magitaa yasikike kila moja kwa njia yake. Halafu taarabu ya okestra: kanuni, fidla na akodiani zisigeuke uji. Mpenzi wa rekodi za kale, kama zile za Siti binti Saad zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, aepuke iyafoni zenye sauti kali za juu, maana hukuza mkwaruzo wa santuri mpaka ukamfunika mwimbaji.

Unapolinganisha mbili, hakikisha zinasikika kwa ukubwa uleule. Sikio huipenda yenye sauti kubwa zaidi, hata kama si bora, na wengi huchagua vibaya kwa sababu hiyo. Mwisho, tikisa waya penye pini na pale unapogawanyika. Sauti ikikatika hata mara moja, irudishe iyafoni hiyo.

Jina kubwa kwa bei ya kutupa ni ishara ya bidhaa feki. Afadhali jina usilolijua lililopita majaribio haya, lenye risiti na waranti.

Baada ya kununua

Usizungushie waya kwenye kifaa kwa kuukaza. Hukatika penye pini. Vuta pini yenyewe, si waya. Futa nta kwenye vipira kila wiki, kwa sababu nta ikiziba wavu upande mmoja husikika chini, nawe utaongeza sauti bila kujua.

Kisha fanya jaribio la mwisho katika safari zako za kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri kubaki chini ya asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya kifaa. Ukiweza kufurahia wimbo wote ndani ya basi bila kupita hapo, umechagua vizuri. Ukipita kila siku, badilisha vipira kwanza, na vikishindwa, badilisha iyafoni. Na masikio yakivuma baada ya kuzivua, usingoje: pumzika kusikiliza, na mvumo ukiendelea muone daktari wa masikio.