SOMO LA TAWI: MTAA WA MADUKA UKIUNGANA, NANI ANAPIGA KURA?



Somo letu safari hii ni juu ya wenye majengo na wenye maduka wa mtaa mmoja wanaojichangisha fedha ili kuutengeneza mtaa wao. Katika miji mingi ya dunia umoja wa namna hii unatambuliwa na sheria, na mtaa wake huitwa eneo la kustawisha biashara. Wapo watakaouliza: sisi wa kiwandani na wa mashamba ya chai, mambo ya wenye maduka yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Shida iliyowafanya waungane tunaijua sana sisi wa chama. Tena umoja wao ukianza kazi huajiri wafagiaji na walinzi, nao ni wafanyakazi kama sisi.

Jambo hili lilianzia Toronto, nchini Kanada, katika mtaa uitwao Bloor West Village. Zamani watu walipita mtaani hapo kwa magari ya reli ya barabarani, wakiona bidhaa madirishani, wakishuka kununua. Mwaka 1968 reli ya chini ya ardhi ilifika huko, basi abiria wakawa wanapita chini ya maduka bila ya kuyaona. Wakati huo huo yalikuwa yakijengwa maduka makubwa nje ya mji, yenye nafasi tele za kuegesha magari. Wateja wakapungua.

Wenye maduka wakaunda chama cha hiari, na hapo ndipo tunapowaelewa vizuri. Baadhi walilipa, wengine hawakulipa. Lakini taa ikiwekwa barabarani haichagui: humwangazia aliyetoa na asiyetoa. Ndugu, nani kati yetu hajamwona mfanyakazi anayekataa kukatwa ada ya chama, na siku nyongeza ya mshahara inapopatikana yuko mstari wa mbele kuipokea? Wenye maduka wa Toronto walichoka na watu wa namna hiyo. Waliiomba serikali iwaruhusu kuweka mchango wa lazima kwa kila jengo la biashara katika mtaa wao, ukusanywe na jiji pamoja na kodi ya majengo, kisha fedha zirudishwe kwa umoja wao. Sheria ikapatikana, na mwaka 1970 Bloor West Village ikawa eneo la kwanza la namna hii duniani. Waliweka taa, mabenchi na maua. (Wenye mali nao wanajua kwamba umoja ni nguvu. Ila sisi tukiujua hawafurahi.)

Kutoka Kanada mpango huu uliingia Marekani. New Orleans walipata sheria yao mwaka 1974. Siku hizi mji wa New York peke yake una maeneo zaidi ya 70. Afrika nayo imo: katikati ya mji wa Cape Town, Afrika Kusini, umoja wa aina hii ulianza kazi mwaka 2000.

Sasa tuangalie jinsi unavyoundwa, na tuchukue New York. Kwanza watu wachache huunda kamati. Kamati huchora mipaka ya eneo, huandika orodha ya kila jengo na mwenyewe, huuliza watu wanataka nini: usafi, ulinzi, taa, au matangazo ya biashara. Kisha hupiga hesabu ya gharama za mwaka na kuamua namna ya kugawana mzigo. Wengine hugawa kwa urefu wa jengo upande wa barabarani, wengine kwa ukubwa wake, wengine kwa thamani yake. Nyumba za kuishi mara nyingi hutozwa kidogo sana, hata dola 1 tu kwa mwaka. Mpango huo husomwa katika mikutano, halafu hupelekwa mbele ya baraza la jiji.

Hapa tunaomba msome polepole. Wenye majengo hupewa siku 30 za kuandika pingamizi. Wakipinga wenye asilimia 51 ya thamani ya majengo, au asilimia 51 ya wenye majengo kwa hesabu ya vichwa, mpango unakufa. Wasipofika hapo, baraza linaweza kuupitisha. Maana yake aliyenyamaza amehesabiwa pamoja na waliokubali. Mwenye jengo aliyesafiri, au aliyetupa barua bila kuifungua, naye atalipa.

Na mpangaji wa duka je? Hati ya kodi ya jengo hutumwa kwa mwenye jengo, lakini mikataba mingi ya upangishaji inamruhusu kuipitisha kwa mpangaji. Kwa hiyo fundi viatu mwenye chumba kimoja anaweza kuubeba mchango ambao pingamizi lake halikuhesabiwa.

Katika eneo la Grand Central, kandokando ya stesheni kubwa ya reli ya New York, umoja ulianza kazi mwaka 1988. Wenye majengo walipewa zaidi ya nusu ya viti vya halmashauri yake. Wapangaji wa nyumba za kuishi walipata kiti kimoja. Wakazi walikwenda mahakamani kudai kila mtu awe na kura sawa. Mwaka 1998 mahakama ya rufani iliwakatalia, ikisema umoja huu una kazi maalum na mzigo wake unawaangukia zaidi wenye majengo. Hiyo ndiyo sheria ya kule. Sisi tunaona kwamba anayelala na kuamka katika mtaa anaujua kuliko mwenye jengo anayekaa mbali.

Umoja huo huo wa Grand Central ulikuwa na mpango wa kuwasaidia watu wasio na makao, ulioitwa mafunzo ya kazi. Watu hao walifagia, walipika na kugawa chakula, walifanya kazi za ofisini, na wengine walitumwa kuwaondoa wenzao wasio na makao katika vyumba vya benki vya kutolea fedha. Walilipwa dola 1 hadi dola 1.50 kwa saa. Kima cha chini cha Serikali ya Marekani kuanzia mwaka 1991 kilikuwa dola 4.25. Walipodai haki yao, waajiri walijibu kwamba hao ni wanafunzi, si wafanyakazi. Mwaka 1998 jaji Sonia Sotomayor, ambaye tangu 2009 ni jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, aliamua kwamba nia ya mpango ilikuwa njema, lakini kazi waliyoifanya ilikuwa kazi ya kweli yenye faida kwa mwajiri, hivyo walistahili kima cha chini.

Hatusemi mpango wote ni mbaya. Mtaa safi wenye taa unamfaa hata mama muuza ndizi, kama hakufukuzwa kwanza kwa jina la usafi. Tunasema kwamba mahali pa kuweka mshahara wa mfagiaji ni katika ile hesabu ya mwanzo, kabla baraza halijapiga kura. Hesabu ikisha kupitishwa na kazi ikapewa kampuni ya kandarasi, kampuni itakuambia fedha ni hizo hizo tu.

Maswali ya kuzungumza tawini: Kama mpango huu ungeletwa katika mji wetu, ni nani angepelekewa barua ya pingamizi, na ni nani angelipa bila ya barua? Wafagiaji na walinzi wa mji wetu wako katika chama gani? Na je, mchango wa lazima wa wenye majengo na makato ya ada ya chama yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi katika kura? Katibu wa tawi ayaandike majibu katika daftari la mikutano na kuyaleta kwenye mkutano wa jimbo.