Hesabu ya Jedwali la Ligi na Haki Yake

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu nilichaguliwa kuwa mwandishi wa ligi ya mabweni hapa shuleni kwetu Tarime. Kazi yangu ilikuwa kuandika matokeo, magoli na kadi katika daftari, na kila Jumapili jioni kubandika jedwali kwenye ubao wa matangazo. Nilidhani ni kazi ndogo. Sasa nimejua kwamba ina uzito, na napenda niwaeleze wenzangu, walimu na wazazi wetu mambo niliyojifunza.

Kwanza, tutazame pointi. Siku hizi timu ikishinda hupata pointi 3, ikitoka sare hupata 1, ikishindwa haipati kitu. Zamani mshindi alipata 2 tu. Waingereza walianza kutoa 3 katika ligi yao mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Chukua mfano huu. Timu moja imecheza mara 10, ikashinda 5 na kushindwa 5. Timu ya pili imetoka sare mara zote 10. Kwa hesabu ya zamani kila moja ina pointi 10. Kwa hesabu ya sasa ya kwanza ina 15, na ya pili ina 10 zile zile. Kumbe nafasi ya timu yategemea miguu ya wachezaji, na yategemea kanuni pia.

Pili, je, timu zikilingana pointi? Jambo hili lilitokea katika Ligi Kuu yetu msimu wa 2016/2017. Yanga na Simba zilimaliza michezo 30 zikiwa na pointi 68 kila moja. Kanuni ilisema zitenganishwe kwa tofauti ya magoli, yaani magoli ya kufunga ukitoa ya kufungwa. Yanga ilikuwa mbele, ikatwaa ubingwa. Lakini zilipokutana zenyewe, mchezo wa tarehe 1 Oktoba 2016 ulikuwa sare ya 1–1, na ule wa tarehe 25 Februari 2017 Simba ilishinda 2–1. Kama kanuni ingesema yatazamwe matokeo ya timu hizo mbili peke yao, ubingwa ungekwenda Simba. Ipi ni haki? Mimi naona kila moja yaweza kuwa haki, maadamu imetangazwa kabla ya mchezo wa kwanza. Dhuluma huingia pale watu wanapochagua kanuni baada ya kuona itamfaidi nani.

Tatu, kuna habari ya mchezaji asiyestahili kucheza. Msimu ule ule, Aprili 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba 2–1 mjini Bukoba. Simba ikalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza hali ana kadi 3 za njano, naye alipaswa kupumzika. Kamati moja ikaipa Simba pointi 3. Kamati nyingine ya TFF ikautengua uamuzi ule, Kagera Sugar ikarudishiwa pointi zake. Fanya hesabu: 68 na 3 ni 71. Ubingwa wa nchi nzima ulikuwa umening'inia juu ya kadi moja.

Wako pia watu wanaopanga timu bila jedwali la pointi. Huko Marekani vyuo vikuu vina mpira wao, unaobebwa mikononi. Katika daraja la juu vyuo vimepita 130, na kila kimoja hucheza michezo 12 hivi tu, kwa hiyo haviwezi kukutana vyote. Basi kamati ya watu 13 hukaa na kupiga kura. Mwaka 2023 timu ya Florida State ilishinda michezo yake yote 13, hata hivyo kamati haikuitia katika timu 4 za kuwania ubingwa. Sababu moja ilikuwa kwamba mchezaji wake mkuu, Jordan Travis, alikuwa ameumia. Watu wengi walikasirika. Tangu 2024 timu zinazoitwa ni 12. Sisi tuna bahati, maana mabweni yetu ni machache na kila moja hukutana na kila jingine.

Sasa nieleze lililonipata mwenyewe. Jumamosi moja bweni letu lililifunga Bweni la Tatu 2–1, tukashika nafasi ya kwanza. Usiku, nikijaza daftari, niliona kwamba mshambuliaji wetu, aliyefunga magoli yote mawili, alikuwa na kadi 2 za njano. Kanuni yetu yasema mwenye kadi 2 hukaa nje mchezo mmoja. Bweni la Tatu hawakulalamika, maana hawakujua. Sikupata usingizi. Asubuhi nilimpelekea mwalimu wa michezo daftari. Pointi 3 zikaenda kwa Bweni la Tatu, na ligi ilipokwisha tulikuwa wa pili, pointi 2 nyuma ya Bweni la Kwanza.

Wenzangu kadhaa walininunia wiki nzima. Mshambuliaji yule hakuninunia. Aliniuliza jambo moja tu: "Mbona hukuniambia Ijumaa?" Sikuwa na jibu. Kadi zilikuwa ndani ya daftari langu, nami sikuzitazama ila baada ya mchezo. Tangu siku ile nilibandika orodha ya kadi kila Ijumaa, kila mtu aisome. Hata wazee wa Kikuria wakiketi katika ritongo, shauri husemwa mbele ya watu.

Likizo imekaribia, nanyi wenzangu wa Sirari, Nyamongo na Mugumu mtaanzisha ligi za vijana vijijini. Basi kabla ya mchezo wa kwanza andikeni mambo matatu: pointi za ushindi, namna ya kutenganisha timu zilizolingana, na adhabu ya kadi. Kisha mchagueni mwandishi, na orodha yake ya kadi isomwe na timu zote kabla refa hajapuliza filimbi.