Kabla ya Kuomba Mtoto Iga Barrière

Shemeji yangu anaishi Ubelgiji. Alinipigia simu akiuliza: kambini Iga Barrière watoto ni wengi, afanyeje apate kulea mmoja? Nilimjibu kwa yale niliyoyaona Bunia.

Iga Barrière iko Djugu, mkoani Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Mahagi. Tangu mapigano yalipowaka upya mwishoni mwa 2017, maelfu wamekimbilia huko. Kosa la kwanza huanzia hapo. Mtoto aliye peke yake si lazima awe yatima: usiku wa shambulio mama hukimbilia Bunia, baba huvuka Ziwa Albert hadi Uganda, mtoto akabebwa na jirani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta ndugu. Waombaji huanza kwa chifu, kamati ya kambi, parokia, ofisi ya mambo ya jamii na Msalaba Mwekundu, ambao huunganisha familia zilizotawanyika. Shangazi akipatikana, safari imeishia hapo.

Kuruka hatua hiyo kuna gharama. Mwaka 2015 watoto wa Gemena, kaskazini-magharibi mwa Kongo, walipelekwa Kinshasa; wazazi waliambiwa ni likizo. Waliishia Ubelgiji, katika familia zilizoamini zimechukua yatima. Waendesha mashtaka wa Ubelgiji walifungua uchunguzi.

Ndugu wakikosekana kweli, faili huenda tribinali ya watoto, iliyowekwa na sheria ya 2009. Hati ya kuzaliwa ichunguzwe etasivili, na mzazi aliye hai atoe ridhaa yake mwenyewe.

Wengi hudhani hukumu ndiyo tamati. Sivyo: mtoto havuki mpaka bila ruhusa ya kutoka ya idara ya uhamiaji, DGM. Tarehe 25 Septemba 2013 ruhusa hizo zilisimamishwa, serikali ikihofia hati za kughushi na hatima ya watoto ughaibuni. Familia zilizokwisha kushinda tribinalini zilikwama miaka. Novemba 2015 waliruhusiwa watoto 69. Wengine walifuata mwaka uliofuata.

Tena, Kongo haimo katika Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Basi kabla ya kumlipa wakili hata dola moja, muombaji aulize DGM na mamlaka za nchi anakoishi kama mlango uko wazi.

Shemeji alinyamaza kidogo. Kisha akauliza minervali ya mtoto anayelelewa na shangazi yake Bunia ni kiasi gani.