Mtoto Asiyekula Ngano Anapoanza Chekechea: Mwongozo wa Familia

Kijitabu hiki ni cha mzazi au mlezi ambaye mtoto wake amepimwa hospitalini na kukutwa na ugonjwa wa siliaki, na sasa umri wa kwenda chekechea umefika. Nyumbani mmeshazoea. Sufuria yake inajulikana, na unga wake una kopo lake. Shuleni kuna mpishi mwingine, mwalimu mmoja mwenye watoto wengi, na marafiki wanaomegeana andazi wakati wa mapumziko.

Vyakula vyetu vingi vya kila siku ni salama kwa mtoto huyu. Kazi kubwa ya familia ni kuhakikisha chakula chake kizuri hakichanganyiki na ngano njiani.

Siliaki ni ugonjwa gani?

Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mtoto mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba, na vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula husinyaa. Mtoto anakula lakini mwili haufaidiki. Anaharisha mara kwa mara au anafunga choo, tumbo linajaa, mikono na miguu inakonda, damu inapungua, urefu hauongezeki, na analialia bila sababu inayoonekana. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za minyoo na utapiamlo, watoto wengi huchelewa kugundulika.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa tayari anaishuku ngano wakati njaa ilipoikumba nchi yake mwaka 1944 na 1945. Mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Uliporudi, wakaugua tena. Mpaka leo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote. Duniani inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 ana siliaki, na Afrika haikuachwa nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya 100 wa Sahara Magharibi wakiwa nayo. Ugonjwa hauambukizi, ila huandama familia, hivyo wazazi na ndugu wa mtoto nao wapimwe.

Angalizo: Kama mtoto hajapimwa, usimwachishe ngano kwanza. Kipimo cha damu kinaweza kutoonyesha kitu kwa mtoto aliyekwisha kuacha gluteni. Nenda kwa daktari angali anakula kama kawaida.

Ale nini, aache nini

*Salama:* ugali wa mahindi, mtama au muhogo, wali, uji wa ulezi au uwele, ndizi, viazi, magimbi, maharage, kunde, choroko, dengu, karanga, mayai, samaki, dagaa, nyama, maziwa, mboga na matunda.

*Asile:* mkate, chapati, maandazi, kalimati, visheti, sambusa, keki, biskuti, tambi, makaroni. Wakati wa Ramadhani na sikukuu, kumbuka bokoboko na supu ya shayiri. Oti (oats) nazo zisitumike mpaka daktari aruhusu, maana mara nyingi huchanganyika na ngano.

*Uliza kwanza:*
- Uji wa lishe. Unga wake mara nyingi hutiwa ngano pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga.
- Vitumbua na bagia. Mchele na dengu ni salama, lakini wapishi wengine huongeza unga wa ngano ili vishikane.
- Soseji, viungo vya mchuzi vya pakiti, na vinywaji vya unga vyenye kimea. Kimea cha ulezi hakina shida. Cha shayiri kina gluteni.
- Mihogo na viazi vya kukaanga. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi hayafai kukaangia chakula cha mtoto huyu mchana.

Kwa nini hata kidogo kina madhara

Miligramu 50 tu za gluteni kila siku zinatosha kuuumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2, yaani mara 40 ya kiasi hicho. Ndiyo maana makombo mezani na mwiko uliokoroga uji wa ngano ni mambo ya kuangaliwa.

Anzia mashineni. Mashine ya kusaga ikitoka kusaga ngano, unga unaofuata hubeba mabaki yake. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Isipopatikana, saga au twanga nyumbani kwa kifaa kisichotumika kwa ngano. Nunua nafaka nzima badala ya unga uliopimwa kwa kibaba cha sokoni, chagua punje kwa mkono juu ya ungo, osha, anika, ndipo usage. Chekeche la unga wake liwe lake peke yake.

Kabla ya siku ya kwanza

Nenda shuleni uzungumze na mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mpishi. Mpishi asisahaulike, maana yeye ndiye mwenye mwiko. Omba kuona jiko, na uulize unga wa uji unatoka wapi. Kama shule haiwezi kutenga sufuria na mwiko, mtoto abebe chakula chake kila siku. Kisha acha barua fupi kama hii, nakala moja ofisini na moja jikoni:

> *Mwalimu, salaam. Mwanangu ______ ana ugonjwa wa siliaki. Haruhusiwi kula kitu chenye ngano au shayiri, hata kidogo. Chakula chake na kijiko chake vimo katika hotipoti yenye utepe mwekundu. Naomba asipewe uji wa shule, mkate, andazi, biskuti wala keki. Akila kwa bahati mbaya, asiadhibiwe wala asitapishwe, nipigieni simu. Haambukizi wenzake, na anaweza kucheza na kujifunza nao kama kawaida. Nawashukuru kwa malezi. Mzazi: ______ Simu: ______*

Siku ya shule ilivyo

*Asubuhi.* Funga chakula kinachofanana na cha wenzake. Kama wao wanakunywa uji, naye abebe uji wa ulezi. Kama wanakula vitafunwa, mpe vitumbua ulivyopika mwenyewe, yai la kuchemsha, kiazi kitamu, kashata au ndizi mbivu. Dagaa, maharage na mboga za majani kwenye chakula cha mchana humsaidia kurudisha damu.

*Wakati wa kula.* Aketi pamoja na wenzake, kwenye mkeka au meza iliyofutwa. Kumtenga pembeni humwumiza moyo na kumfanya atamani zaidi kile alichokatazwa. Watoto wote wanawe kwa sabuni na maji kabla na baada ya kula. Kitakasa mikono hakiondoi gluteni.

*Michezo.* Donge la rangi la kufinyangia mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa ngano. Kuligusa hakudhuru, ila mtoto mdogo hupeleka vidole mdomoni. Mpe mwalimu unga wa mahindi au wa mchele wa kutengenezea donge la darasa zima, au watumie udongo wa mfinyanzi.

*Siku ya keki.* Mwombe mwalimu akuarifu mapema kunapokuwa na sherehe, ili siku hiyo abebe mkate wa kumimina uliopikwa nyumbani. Acha pia shuleni kopo lenye kitu kitamu kisichoharibika, kwa sherehe ya ghafla.

Mfundishe mtoto mwenyewe

Mtoto wa miaka 3 au 4 anaweza kushika maneno mawili: "Asante, sili." Yarudieni nyumbani kwa mchezo: wewe unamkaribisha biskuti, yeye anajibu na kukuonyesha hotipoti yake. Mwambie ukweli kwa maneno mepesi: ngano inaumiza tumbo lako. Usimtishe, na msifu kila anapouliza kabla ya kula. Bibi, shangazi na dada wa nyumbani nao waelezwe hivyohivyo, ili mtoto asikie kauli moja.

Akila kwa bahati mbaya

Hakuna dawa ya kuitoa gluteni. Dalili zinaweza kuja baada ya saa chache au siku kadhaa. Mpe maji na chakula chepesi. Akiharisha au kutapika, mpe ORS. Mpeleke kituo cha afya haraka akilegea, macho yakidumbukia, akishindwa kunywa au mkojo ukipungua. Uso ukivimba au akipumua kwa shida, hiyo ni dalili ya mzio. Mpeleke hospitali wakati huohuo. Halafu ulizeni kwa upole ilikuwaje, mzibe mwanya. Mtoto akigombezwa, safari nyingine ataficha.

Ufuatiliaji

Mpeleke kliniki kama ulivyopangiwa. Daktari atarudia kipimo cha damu, na mstari wa ukuaji kwenye kadi unapaswa kupanda tena. Usipopanda, chunguzeni upya nyumbani na shuleni: unga, mafuta, mwiko, viungo vya pakiti. Na kila muhula unapoanza, peleka barua upya. Mwalimu au mpishi akibadilika, au shule ikibadili unga wa uji, zungumza nao siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaketi kula.